Mawimbi ya Mita Sitini Pale Mwaloni

Naomba mnicheke taratibu, maana aibu hii bado ina joto, na hadi leo nikipita Kirumba kuna watu wananiita Mama Mita, na wala hawamaanishi kwamba nauza vitambaa.

Mimi ni mtu wa kompyuta katika ofisi moja ya Pasiansi inayotabiri upepo na mawimbi ya ziwa. Hesabu zake ni nzito mno kwa mashine moja, kwa hiyo tuliunganisha kompyuta za vituo vitatu, yetu, ya Busisi na ya Ukerewe, zigawane mzigo kama akina mama wanavyogawana masufuria ya harusi, huyu wali, yule nyama, mwisho linatoka sinia moja. Ili zielewane kuna viwango: kila kompyuta inatoa huduma yake, inaulizwa kwa namna ileile, inajibu kwa namna ileile, na kila namba lazima itajwe na kipimo chake. Nani aliandika viwango hivyo? Mimi. Nani alimkaripia Mzee Masanja wa Busisi, mtu wa umri wa baba yangu, mbele ya wenzake, eti jibu la kompyuta yake limekosa kipimo? Mimi tena (nilianza na shikamoo, lakini karipio ni karipio).

Sasa, asubuhi ya uzinduzi, ukaguzi wa mfumo, unaopima kila jibu kwa viwango vile, ukaikataa kompyuta yangu mwenyewe: kipimo hakijatajwa. Kurekebisha na kujaribu upya ni saa nzima, na mimi nilikuwa na miadi saluni, nikajisemea, neno moja tu hilo, nani asiyejua kwamba mawimbi hupimwa kwa mita? Nikazima ukaguzi, nikaenda kusuka. (Nywele zilipendeza, hilo hakuna anayebisha.) Nilichosahau ni kwamba tangu siku za majaribio kompyuta yangu ilikuwa ikihesabu kwa sentimita, na namba isiyo na kipimo mfumo huisoma kama mita.

Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, hema lilijaa manahodha, wauza dagaa na wakubwa. Mgeni rasmi akabonyeza kitufe, tukapiga makofi, ramani ikafunguka kwenye skrini, na mbele ya Kirumba ikasomeka: mawimbi, mita sitini. Makofi yakafa mojamoja. Na kwa kuwa mfumo tulikuwa tumeujenga vizuri (huo ndio msiba wenyewe), huduma ya maonyo haikumsubiri mtu, ikatuma meseji kwa wote: ONDOKENI UFUKWENI SASA HIVI. Simu zikalia hema zima kwa pamoja.

Jamani, watu walikimbia! Wanawake walikunja maturubai na dagaa ndani, wengine wakawakanyaga dagaa wao wenyewe, na mgeni rasmi tukaja kuambiwa alionekana akipanda mlima na kiatu kimoja. Ziwa lenyewe lina viwimbi vya kila siku, vya kufika gotini. Nikanyakua kipaza sauti: "Rudini, hakuna mawimbi makubwa!"

Bibi mmoja, beseni kichwani, akageuka. "We binti, mashine yako inasema yapo, wewe unasema hayapo. Tumwamini nani?"

Simu yangu ikaita, Mzee Masanja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimeona mita sitini. Kipimo ulikitaja?"

"Sikukitaja, mzee."

"Haya. Rekebisha, nitakukagulia."

Hata hakucheka. Angecheka ningepumua.

Mchana wote nilikuwa nimechuchumaa na yule bibi, tunaokota dagaa kwenye mchanga, naomba radhi turubai kwa turubai, na nywele zangu mpya zinanuka ipasavyo.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Wiki tatu baadaye ukaja upepo wa kweli, mfumo ukatuma onyo sahihi kabisa, na mtumbwi hata mmoja haukugeuka. Nikaanza kuwapigia manahodha mmoja mmoja. Wa kwanza akaniuliza, tena kwa upole, "Dada, hizi ni mita za watu au ni zile zako?" Nilimwapia kwa jina la mama yangu. Akageuza, akawapungia wenzake, wa mwisho akafika ufukweni ameloa chapachapa, anachota maji mtumbwini kwa sufuria, nami nikakaa chini ofisini nikalia kama mtoto.

Nimeapa: mashine ikiikataa kazi yangu, nakubali imekataliwa, hata kama nasubiriwa na msusi.