Mgeni Hapewi Ufunguo wa Kabati

Hakuna mtu Donholm ameshika kompyuta kama mimi. Hata zile za kwanza zinanijua. Juzi nikaingia kwa saiba ya mama mmoja, pale watu hulipia kutumia kompyuta. Mteja fulani alikuwa ameweka michezo ya kompyuta, mashine ikafa na barua za watu za kuomba kazi. Fundi, msichana mpole, alikuwa anaitengeneza upya.

"Mama, kila mtumiaji mpya anawekewa tiki ya kuwa mkubwa wa mashine, wa kuweka chochote anachotaka."

"Nani ameweka?"

"Programu imekuja nayo."

Mama akapunga mkono kama anafukuza kuku. "Toa! Mgeni nampa kiti, simpi ufunguo wa kabati."

"Hata mimi?" nikauliza, kifua mbele.

"Wewe wa kwanza, baba. Ile michezo iliwekwa na nani?"

Nikakaa kama mgeni. Haya yote nimeyaandikia hapo, kwenye mashine ile ile, na mashine bado inapumua.