Bi Maranda na Gogo Lililooza

Mtaani walimwita Bi Maranda, maana hata akivalia kwenda harusini hukosi kuona maranda ya mbao yamejificha kwenye kitambaa chake cha kichwa. Fundi mwenyewe hakuwa yeye. Aliyekereza mabakuli kwa mashine ya kuzungusha mti alikuwa mumewe. Yeye kazi yake ilikuwa kupiga msasa na kupiga domo.

Kisha kiharusi kikampiga mume, mkono wa kulia ukalegea. Alipopata nafuu alijaribu kukereza bakuli kwa mti alioupenda kuliko yote: gogo lililoanza kuoza, lenye mistari myeusi iliyochorwa na ukungu, ambalo mwingine angelifanya kuni. Mkono ukatetemeka, patasi ikang'ata pale palipo laini, bakuli likanyofoka.

"Uza mashine, mama watoto," akasema. "Mimi basi."

"Haya," mkewe akaitikia. Lakini moyoni, thubutu! Alimjua mtu wake. Mashine ikitoka mlangoni, mzee atabaki kitini akitazama ukuta mpaka azime. Aliogopa kweli kweli.

Vipande vilivyobaki vya lile gogo akavificha. Alikuwa amemwona mumewe miaka yote akiimarisha mbao laini kwa gundi, basi naye akajitia ufundi. Akazamisha kipande kimoja kwenye gundi nyepesi kama maji, ndani ya mtungi wa kioo, akawasha pampu ya kunyonya hewa ili gundi ipenye ndani. Kisha akakitia ovenini kigande. Lo, harufu yake! Alipokipasua, katikati palikuwa bado teketeke.

"Hukukikausha kwanza," ikasema sauti nyuma yake. Mume alikuwa kasimama mlangoni, kaletwa na pua. "Maji yamejaa humo, gundi ingepita wapi?"

"Si umesema wewe basi?"

"Nilisema uuze mashine. Sikusema uniunguzie nyumba."

Hapo mzee akavuta kigoda. Kipande cha pili wakakikausha vizuri, wakakizamisha, naye akakaa uso karibu na mtungi akiangalia mapovu yanavyopanda. Kila mkewe alipotaka kuzima pampu, mzee alisema, "Bado. Wewe una haraka ya kwenda wapi?" Kilipotoka ovenini kilikuwa kigumu, ukikigonga kinalia.

Wakakifunga kwenye mashine. Patasi ilitetemeka mkononi mwa mzee. Bi Maranda akasimama nyuma yake, akaufunika mkono ule kwa mkono wake. Mti ukazunguka, maranda yakaruka, hakuna kilichonyofoka. Taratibu mkewe akauondoa mkono wake. Patasi ikaendelea kukata. Machozi yakamtiririka Bi Maranda, wala hakuyafuta.

"Rudisha mkono," mume akasema bila kugeuka.

"Si unaweza mwenyewe, baba watoto?"

"Naweza. Wewe rudisha tu."