Picha Iliyopita Chini ya Pazia

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka viganja bado hunitoka jasho. Nakuita mwanangu kwa kuwa wewe ni mtoto wa kaka yangu, na kwa desturi zetu hilo linatosha. Ndevu zangu bado nyeusi, wala sijawahi kuamini kwamba mvi peke yake ni hoja. Lakini mwezi ujao unakwenda chuo, nami siwezi kukuacha uende hivi hivi.

Nilikuwa nimemaliza shahada majuzi tu, godoro langu la hosteli ya Mabibo bado limefungwa kamba, tulipokusanyika Temeke kwa arobaini ya Babu, ambaye wewe humkumbuki. Hitima ilisomwa, watu wakala, wageni wakaaga. Sebuleni tukabaki watu wa ukoo na sheikh wa mtaa. Kila mtu alijua tumebaki kwa ajili ya nini.

Tulibaki kwa ajili ya Bi Hawa. Alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, amekaa eda ya Babu. Na Baba Mkubwa, mtoto wa kwanza wa Babu, aliyefanya kazi Mwanza karibu maisha yake yote, alisema haitambui ndoa yake na Babu.

"Yule mama aliletwa kumuuguza mzee alipopooza," alisema. "Tangu lini muuguzi akakaa eda? Afungashe."

Sauti ikatoka ndani, kavu, isiyotetemeka. "Mie nimeolewa na baba yenu akiwa mzima, anapanda baiskeli yake mpaka Mbagala na kurudi."

"Cheti kiko wapi?"

"Kilikwenda na mafuriko, na godoro, na kila kitu; imesalia picha moja tu. Mashahidi wangu wote mmewazika nyie wenyewe."

Wanawe Babu walikuwa wametawanyika mikoani miaka ile; hakuna aliyeishi karibu naye wa kujua alioa lini. Kisha tukaona mkono, usio na bangili wala hina, ukipitisha picha chini ya pazia. Babu ameegemea ukuta wa nyumba hii hii, Bi Hawa pembeni yake, nyuma yao mtaa. Kule kuegemea hakukusema kitu, kwa sababu hata baada ya kupooza Babu alipata nafuu, akawa anasimama kwa kushika ukuta.

Baba Mkubwa aliitazama, akacheka puani. "Haya, sheikh, uwe shahidi. Kama picha hii ni ya kabla mzee hajaugua, mie nanyamaza, na akae humu mpaka siku ya kufa kwake. Kama ni ya baada, leo leo anatoka." Akanigeukia. "Msomi wetu si yupo? Lete hayo macho tuliyokulipia ada."

Nilifurahi, sikufichi. Wazee hupenda kusema kuona kwingi ni kwa waliotangulia, na mimi hapo nimepewa nione kwa niaba yao. Nikaipeleka picha dirishani. Kulikuwa na Datsun kuukuu. Haikunisaidia, fundi wa Temeke anaweza kuifufua Datsun hata ikishazikwa. Kulikuwa na kanga ya Bi Hawa, ya toleo la zamani. Nayo sikuiamini, maana wanawake wetu huweka doti sandukuni miaka na miaka wakiingojea siku yake. Kitu cha zamani, mwanangu, hukaa popote. Nikatafuta kitu kipya kuliko vyote pichani, nacho nikakipata pembeni: tairi la nyuma la pikipiki, na namba yake ikianza na MC.

"Bi Hawa," nikaita, "picha hii ilipigwa lini?"

"Mwaka ule ule tuliooana. Hata hizo pikipiki za abiria zilikuwa hazijaingia Temeke."

"Hapana. Hapa ipo pikipiki, tena ina namba za MC. Zamani pikipiki zilivaa namba kama za magari; hizi za MC zimekuja baada ya pikipiki za abiria kuingia. Si mwaka huo."

Baba Mkubwa akapiga paja. "Njia ya mwongo fupi! Mmesikia? Asha, ingia ndani umtolee begi lake!"

Asha, binti wa shangazi, akainuka, akasimama katikati ya sebule hajui aende au akae. Nyuma ya pazia Bi Hawa akasema taratibu, "Basi nimesahau. Kusahau nimesahau, lakini sijasema uongo."

Njia ya mwongo fupi, sawa. Ya aliyesahau je, ina urefu gani? Swali hilo lilinijia nikiwa nimeshachelewa.

Ndipo Bibi Mwanaidi, dada yake Babu, aliyekuja kutoka Kilwa, alipoinua uso. "Asha, kaa. Na wewe mtoto, njoo hapa. Umeulizwa nini?"

"Picha ni ya lini, Bibi."

"Hukuulizwa hivyo. Umeulizwa ni ya kabla ya ugonjwa au baada. Nani kakuuliza kama Hawa anakumbuka vizuri? Umejibu swali lako, letu umeliacha hapo linagaragara. Rudi ulijibu."

Nilitaka kubishana, lakini nilipotafuta pa kubishia sikupaona. Pikipiki ilinieleza kwamba picha haikupigwa kabla yake. Sikuwa nimetafuta kitu cha kunieleza kwamba haikupigwa baada ya jambo fulani. Nikarudi dirishani, safari hii nikiishika picha kwa mikono miwili, maana sasa nilijua ninachokishika ni makazi ya mtu. Barabara pichani ilikuwa ya vumbi. Lakini lami ya kwetu mvua mbili tu hurudi vumbi, sikuiamini. Nikatazama ng'ambo ya mtaa. Kulikuwa na baraza refu la saruji, na ukutani juu yake alama ya X, nyekundu, ile inayochorwa kwenye majengo ya kubomolewa.

"Baba Mkubwa, hili baraza la nani?"

"La jirani, Mzee Kondo. Si tulikuwa tunachezea bao pale."

"Mbona silioni nje?"

"Utalionaje? Walilibomoa kupisha barabara."

"Kabla ya lami au baada?"

"Lami ingepita wapi, mwanangu?" akadakia Bibi Mwanaidi, akimtazama Baba Mkubwa. "Juu ya baraza?"

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Ukoo mzima unajua Babu alianguka na kupooza siku lami inamwagwa mbele ya mlango wake, gari la wagonjwa likashindwa kupita, akabebwa kwa mkokoteni hadi barabara kuu. Baba Mkubwa mwenyewe ndiye aliyependa kuisimulia habari hiyo.

Akaninyang'anya picha, akaenda nayo mlangoni, akautazama mtaa. Aliporudi alikaa chini karibu na pazia.

"Mama mdogo," akaita. Hakuwahi kumwita hivyo. "Maliza eda yako."

Mwanangu, uliza kila kitu. Sitakuwa mimi wa kukukataza. Lakini ulijue swali uliloulizwa kabla hujajibu lile linalokupendeza. Ukiona kitu kinasema "si kabla yangu", usikae kitako, tafuta na kile kinachosema "si baada yangu", maana ukweli mara nyingi hukaa katikati yao. Na mtu akikosea mwaka, usimvike uongo. Kumbukumbu huchakaa kwa waaminifu pia. Jicho kali bila huruma huvunja nyumba za watu.

Nenda. Mungu akujaalie shaka isiyo na kiburi, na ulimi unaoyangoja macho. Akuzungushie watu watakaokurudisha ukipotoka, nawe akupe moyo wa kurudi.