Bi Zawiyah, Mchagua Meli za Wenye Watoto

Saa nne asubuhi, duka la kuuza safari halijafunguliwa vizuri, na Bi Zawiyah Kamis tayari amepiga magoti. Anabandika utepe mwekundu sakafuni, anaupima kwa futi, anaung'oa, anaubandika tena. Wanaopita kwenda kununua chai ya maziwa, huku ghorofa ya chini ya jengo kuukuu la maduka mjini Singapore, wanamkwepa bila kuuliza. Wamemzoea.

Mstatili anaouchora ni chumba cha meli, kwa ukubwa wake halisi. Kitanda amekichora kwa chaki, na choo pia. Familia yoyote inayokuja na mtoto mdogo kutafuta safari ya meli huambiwa kwanza iingie humo na kigari cha mtoto na mabegi yake, ikae kidogo. Picha za mabwawa na karamu huonyeshwa baadaye.

“Picha za vyumba hupigwa na mtu aliyejibanza chooni,” anasema Bi Zawiyah, mjane wa miaka hamsini na sita. “Wewe unaona uwanja wa mpira. Ukifika na mtoto anayetambaa, hakuna pa kutambaa. Na nchi kavu hiyoo, imeshakuacha.”

Kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa. Mshahara ni dola elfu mbili na mia sita kwa mwezi, na kamisheni kidogo wateja wakinunua. Mwenye duka hupenda wateja wachukue meli mpya zenye mabwawa saba. Bi Zawiyah huwauliza kama mtoto ameshaacha nepi.

Anauliza kwa sababu mabwawa mengi ya melini hayataki mtoto wa nepi, na vyumba vya michezo huwapokea waliokwishajua kwenda chooni. Anauliza mtoto analala saa ngapi. Anauliza kama ametimiza miezi sita, maana chini ya hapo meli nyingi hazimpokei.

“Wazazi huja kuniuliza habari za muziki na taa za rangi,” anasema. “Mimi nawauliza habari za mavi. Ndiyo ndoa yetu hiyo.”

Anacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. Leo mama huyu hatulii. Ameketi, ameinuka, amepanga upya vitabu vya picha alivyovipanga jana. Simu yake anaigeuza kifudifudi, kisha anaigeuza tena.

Kisa ni mwanawe, Fadhli. Mwezi Juni, shule zikifungwa, Fadhli anampeleka mkewe Nadhirah na watoto wao wawili safari yao ya kwanza ya meli, hadi Phuket, Thailand, na kurudi. Irfan ana miaka mitatu, Haura ana miezi minane. Meli waliichagua wenyewe, kwenye simu, bila kumuuliza mama ambaye kazi yake ndiyo hiyo. Mama alipouliza kama naye anaweza kwenda, Fadhli alimjibu kwa upole kwamba meli imejaa.

Jana jioni, akimtafutia mteja mwingine nafasi, Bi Zawiyah aliifungua meli ile ile kwenye kompyuta ya dukani. Vyumba vitupu vilikuwa tele.

“Sikuwa napeleleza,” anasema haraka. Kisha anakiri: “Haya, nilipeleleza. Lakini mtu akikwambia mlango umefungwa, na wewe ndiye unayeuza milango, ufanyeje?”

Kabla ya saa sita wanaingia wateja. Ni Bi Kwee Lian, bibi mfupi mwenye kofia ya jua, pamoja na mkwewe Pei Shan, mvulana wa miaka minne, na mtoto wa kike mgongoni. Mume wa Pei Shan yuko kazini, lakini naye atasafiri. Wameshachagua chumba kimoja chenye roshani, kwenye meli yenye mitelezo ya maji.

“Mko wangapi?” anauliza Bi Zawiyah.

“Wanne,” anajibu Pei Shan.

“Naona wanne hapa, na baba bado hajaja.”

“Huyu mdogo hahesabiwi, dada. Kwenye ndege tunampakata.”

Bi Zawiyah anatikisa kichwa. Kosa hili analikuta kila wiki, kwa watu waliozoea kupanda ndege wikiendi kama wengine wanavyokwenda sokoni. Melini hakuna wa kupakatwa. Hata aliyezaliwa juzi anahesabiwa, kwa sababu naye lazima awe na nafasi yake kwenye mashua ya kuokolea. Chumba cha wanne hakichukui watano.

“Basi vyumba viwili,” anasema Pei Shan, na uso unaanza kumwiva. “Ghali hivyo?”

“Ingieni kwanza kwenye utepe,” anasema Bi Zawiyah.

Wanaingia. Kigari kinaziba mlango wa choo cha chaki. Mvulana anajitupa palipoandikwa kitanda na kudai hapo ni pake. Pei Shan anajaribu kupita, anakanyaga “bafuni”, anacheka kwa hasira.

Hapo Bi Kwee Lian anainua mguu mmoja, kisha wa pili, na kutoka nje ya mstatili.

“Nendeni nyinyi,” anasema. “Mimi bahari inanitapisha. Nitabaki nyumbani nimwagilie maua.”

Pei Shan anaangalia chini, na unaweza kuona hesabu zikipita kichwani mwake. Bi Zawiyah amesimama na kalamu mkononi kama aliyepigwa kofi. Anageuka, anaingia kwenye kijichumba cha nyuma, eti kutafuta karatasi.

“Hatapiki yule,” ananong'ona huko nyuma, macho yamemjaa maji. “Dakika tano zilizopita kaniambia huenda kisiwa cha Batam kwa boti na wenzake kula samaki. Boti ile inarusha watu kama karanga kikaangoni. Anatoka mwenyewe asije akatolewa. Na mimi najua anavyojisikia, Wallahi najua.”

Anaporudi, Pei Shan ameshamshika mama mkwe mkono.

“Mama, hebu rudi ndani.”

“Nimesema natapika.”

“Tapika. Nani atampikia huyu mdogo uji? Mimi nikiupika anautema. Na nani atalala naye? Mwanao akishalala ni gogo.”

“Melini hawaruhusu kupika,” anachomeka Bi Zawiyah. “Jiko la umeme mkilificha begini wanalichukua. Lakini uji jikoni kwao upo, ukiomba.”

“Uji wa kwao!” Bi Kwee Lian ananyanyua mabega kwa dharau, na bila kujua amerudi ndani ya utepe. “Watamwagia chumvi. Lazima niwepo niwaambie.”

Wanachukua meli ndogo, ya zamani, vyumba viwili vyenye mlango katikati, bila roshani. Mitelezo haina. Mvulana analia mpaka bibi yake anamwambia kwamba hata kule kwenye mitelezo wasingempandisha, kimo chake hakijafika. Mwenye duka, aliyekuwa akisikiliza kutoka mezani kwake, anapumua kwa nguvu. Kamisheni ya meli hiyo ni ndogo.

Bi Zawiyah hasikii hata hilo. Wateja hawajafika kwenye ngazi, ameshachukua simu na kutoka nje ya mlango.

“Fadhli, meli haijajaa. Nimeona.”

Upande wa pili inajibu sauti ya kijana, ya kuchoka: “Mama…”

“Niambie tu. Ni Nadhirah?”

“Ni sisi wote. Mama, unakumbuka hoteli ya Desaru mwaka jana? Ulihamisha vitanda. Ulibadilisha chumba mara mbili. Ulimwamsha Irfan kupima kama mapazia yanazuia mwanga. Nadhirah alilia bafuni, hukujua. Alisema kila anachofanya na wanawe kwako ni makosa.”

“Mapazia yalikuwa mepesi,” anasema Bi Zawiyah, kwa sauti ndogo.

“Yalikuwa mepesi, ndiyo. Lakini tulitaka tukosee wenyewe.”

Anazunguka pale mlangoni, hatua mbili huku, hatua mbili kule. Mkono usio na simu unakuna shingo. Mtu anayemjua angesema sasa atalipuka, atataja miaka yake kumi na tisa. Halipuki. Inamuuma, inaonekana wazi inamuuma, na anaimeza.

“Basi nichagulieni nyinyi,” anasema mwishoni. “Chumba changu. Nadhirah achague. Nitalipa, na sitauliza. Kama hataki nije, aseme, nitamwelewa. Ila usiniambie tena meli imejaa.”

Mchana mzima anahudumia watu akili yake ikiwa mbali. Anamuuliza kaka mmoja asiye na mtoto kama mtoto wake anatambaa. Chakula chake, wali wa nazi, kinapoa kwenye karatasi.

Ujumbe unaingia karibu na saa kumi. Unatoka kwa Nadhirah mwenyewe. Bi Zawiyah anausoma, anakaa, anausoma tena, kisha anafungua ramani ya meli na kuweka kidole.

Ni chumba cha ndani, hakina dirisha, na kiko ubavuni mwa lifti. Vyumba vya hapo amewakataza wenye watoto tangu alipoanza kazi, kwa sababu ya kengele ya lifti na vicheko vya watu wanaotoka kwenye muziki. Na mlango wa pili, pale pale kwenye lifti, ndipo watakapolala Fadhli, Nadhirah na watoto.

Anaandika maneno marefu. Anayafuta. Anaandika tena, anafuta. Anayoyatuma mwishowe ni mafupi: “Kizuri sana, mwanangu. Asante.”

Mpango wake sasa ni kununua nguo ya kuogelea, maana hajawahi kuwa nayo, na kuiacha futi yake dukani.

“Haura ataamka,” anasema, huku akiitazama ramani. “Lifti itamwamsha, hilo nalijua kama jina langu. Nitakuwa mlango wa pili. Wakinibishia hodi, nitafungua.” Anaondoa kidole kwenye ramani. “Wasiponibishia, nitalala.”