Namba 30,031 ilivyotaka kunikosesha mke Njombe

Kamwene wakuu,

Hili limenitokea mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Mimi nauza spea za malori hapa Makambako. Form four hesabu niliambulia D, kwa hiyo msinitegemee sana huko mbele.

Mwaka jana nilienda kujitambulisha ukweni, Mjimwema pale Njombe mjini. Mshenga alikuwa baba mdogo. Baba wa binti ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mtaa mzima wanamwita Mwalimu.

Chai haijapoa, Mwalimu akaanza somo. Chukua namba tasa sita za mwanzo, yaani 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Zizidishe zote, unapata 30,030. Ongeza moja.

Hiyo 30,031 ukiigawa kwa yoyote kati ya zile sita, inabaki moja.

"Kwa hiyo na yenyewe ni tasa," akasema. "Nimefundisha hivyo maisha yangu yote."

Nikaitikia kwa kichwa. Mkwe mtarajiwa unambishia nini?

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja, kitu kikinikaa kichwani hakitoki. Kwenye basi la kurudi nikafungua calculator ya simu. 17, desimali. 19, desimali. Nikaenda hivyo hivyo mpaka 59.

Hapo ikaja 509 kamili, bila desimali. Nilirudia mara tatu.

Nikamwonyesha baba mdogo. Akasema, "We mtoto, oa kwanza. Hesabu utamrekebisha ukishampa wajukuu."

Mchumba wangu naye alinisihi ninyamaze, maana posa ilikuwa bado haijajibiwa. Niliogopa kweli, yule binti nampenda. Lakini nikifikiria kukaa na mzee miaka yote nikiitikia kitu ninachojua si kweli, roho inakataa.

Jumamosi nikarudi peke yangu.

"Shikamoo Mwalimu. Samahani, ile namba inagawanyika kwa 59."

Akachukua kalamu na karatasi, akagawanya kwa mkono, kisha akazidisha kurudi nyuma. Akaiangalia ile karatasi muda mrefu. Halafu akaingia chumbani, hakutoka tena. Mama wa binti akanisindikiza mpaka getini.

Nikajua nimelikoroga. Wiki mbili kimya, hata mchumba hapokei simu.

Siku moja niko dukani, akapiga mzee mwenyewe.

"Nimewapigia wanafunzi wangu ninaowapata, nimewaambia nilikosea," akasema. "Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja aliyejaribu kugawanya. Walikuwa wananiogopa. Hata humu ndani wananiogopa."

Kisha akaongeza:

"Mlete baba yako mdogo tuongee."

Mahari hakupunguza, msije mkadhani. Ndoa tumefunga.

Nilichojifunza: namba ikikataa kugawanyika mara sita usiipe jina la tasa, endelea kujaribu. Na mzee anayeogopwa na kila mtu huenda anasubiri mmoja tu wa kumwambia ukweli.

Wataalamu wa hesabu karibuni mnikosoe. Na kama kuna aliyewahi kumrekebisha mkwe, aje atueleze alipona vipi.