Chai Niliyoimwaga Juu ya Chuma

Wallahi, tumbo langu lilikuwa limechomwa mpaka likafanana na ramani ya Wajir, visima na barabara zote. Kwetu mtu akiumwa tumbo, chuma kinapashwa moto mpaka kiwe chekundu, halafu kinabandikwa kwa ngozi. Mama mkwe wangu ndiye fundi. Akisikia nimeguna tu, anapuliza makaa.

Kule hospitali Garissa daktari akaniambia mfuko wa nyongo umejaa mawe. Sikushangaa, yale mawe yangejenga shule na nyumba ya mwalimu. Akasema ataingilia kwa kitovu, tundu moja tu, kamera na vyuma vyake vyote vipite hapo. Nikamuuliza kama amewahi kuona ngamia akipita kwa tundu la sindano. Akacheka, lakini hakunidanganya. Akikwama ataongeza matundu mengine, na mimi nikibeba vizito mapema, utumbo unaweza kutokeza hapo kwa kitovu. Na mimi nauza maziwa, kazi yangu ni mitungi. Nikakubali hivyo hivyo.

Niliporudi nyumbani baada ya kupasuliwa, mama mkwe akafunga pazia, akaniambia nifunue. Akaona plasta ndogo kama ukucha.

Akasema wamenidanganya, mtu aliyepasuliwa ana mshono kama zipu ya begi. Chuma kilikuwa motoni tayari. Majirani wawili wakanishika miguu, kama kawaida yao. Hapo moyo ulinidunda mpaka mbuzi wa mbali kule Buna wakasikia, maana kidonda kilikuwa bado kibichi.

"Hooyo, mama yangu," nikamwambia, "ukiweka moto hapa utanizika."

"Nimekuchoma tangu uolewe. Umekufa?"

"Sijakufa. Na sijapona pia."

Majirani wakaangua kicheko, mikono yao ikalegea. Nikainuka polepole kama ngamia mwenye mimba, nikachukua birika, nikamwaga chai yote juu ya kile chuma, na maziwa yake na sukari yake. Mvuke ukajaa nyumba, hatukuonana.

Mama mkwe akaapa hatakula tena kwangu. Jioni akala, sahani mbili. Alipomaliza akaniuliza, sasa nikiumwa tena itakuwaje.

"Nitarudi kwa yule wa tundu moja," nikamwambia. "Na akitaka kupitia sikio, apite. Lakini moto, hooyo, pikia chai."