Kofia Aliyoshindia Mume Wangu Sikuishona Mimi

Assalaam alaykum admin na ndugu zangu wa ukurasa huu. Jina langu lifiche, mji wetu mdogo. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, watoto wanne, naishi Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji. Shule niliishia darasa la nne, lakini Qurani nimeikhitimu, na uongo nauogopa.

Mume wangu anacheza snuka, ile ya meza kubwa ya kitambaa cha kijani. Alijifunza zamani alipokuwa mhudumu wa klabu Dar. Tangu gesi ipatikane baharini wageni wamejaa hapa, na hoteli moja mpya ikaandaa mashindano ya kualikwa. Walikuja wachezaji wanane wa kulipwa, mwenyeji yeye peke yake. Kwa rehema za Mungu akawa bingwa.

Mimi sikwenda, kule pombe inamwagika. Nilihadithiwa na kila aliyepita mlangoni, kwamba kwenye fainali waandaaji walimwambia avue kofia, akakataa. Kwamba alipoutumbukiza mpira mweusi wa mwisho akapewa kombe na kipaza sauti, akasema, "Ushindi huu ni wa mke wangu, aliyeishona kofia hii."

Nililia kwa furaha. Wanawake wa mtaani wakaja kunipa hongera, nikawachemshia chai ya tangawizi.

Kesho yake jirani akanionyesha picha kwenye simu. Jamani, huku kwetu kofia ya viua, ile ya vitundu vinavyodariziwa kwa mkono, mwanamke humshonea mumewe, na mshono wako unaujua kama mwandiko wako. Huyu mwanamume nimemshonea miaka ishirini na mbili. Ile haikuwa sindano yangu.

Nilipomuuliza hakubisha. Ana mke mwingine kijijini Mbau, mwaka wa pili sasa, nikaha imesomwa. Nikamwambia dini imemruhusu kuoa, kunificha kamruhusu nani? Akanijibu kwamba bingwa hahojiwi jikoni.

Sasa limekuja kubwa. Waandaaji wameipenda habari ya kofia. Ijumaa baada ya swala wanakuja nyumbani na kamera, wampige picha bingwa na mkewe mshonaji, ndipo wamwalike mashindano mengine ya nje. Hakuwaambia kuwa wake ni wawili. Anataka nikae mkekani na kofia ile ile, nijifanye nashona.

"Shika tu, mama watoto. Sindano haina ulimi."

"Mimi ninao," nikamwambia.

Tangu hapo hanisemeshi. Na yule wa Mbau kanipigia, hata salamu hakutoa: "Bi mkubwa, sifa za mkono wangu ukizila zitakukwama."

Nikishika, nimemdhulumu mwanamke ninayemchukia, tena kwa uongo, tena Ijumaa. Nikikataa, wanangu watasema mama ndiye aliyemfungia baba yao njia. Na niwaambie ukweli, kuna nafsi ndani yangu inataka nikae vizuri, nisubiri kamera iwashwe, kisha niyaseme yote mbele ya wageni wake. Nikiwa kwenye sijda naiona ile sura yake itakavyobadilika, na naifurahia. Hilo ndilo linalonitisha.

Ijumaa ni kesho kutwa. Ndugu zangu, ingekuwa nyinyi, mngefanyaje?